Nchi Ambayo Kila Mtoto Alikuwa Salama

Ilikuwako nchi, na kwa habari tulizonazo bado ipo, ambayo Mkuu wake aliamka asubuhi moja akatangaza kwamba kuanzia saa hiyo watoto wote wako salama. Wako salama nyumbani, wako salama shuleni, wako salama barabarani, na wako salama mtandaoni. Tangazo lilirudiwa redioni mpaka kasuku wa mkuu wa wilaya akalijua kwa moyo. Mizinga ilipigwa. Mtoto mmoja aliyesogea karibu mno na mzinga akazibika sikio la kushoto lisisikie tena, lakini kwa kuwa tangazo lilikuwa limeshatoka, naye alihesabiwa kuwa salama.

Ili usalama huo usije ukapungua, iliundwa Wizara ya Watoto Salama. Ikajengewa jumba la vioo vya buluu, likazungushiwa ukuta mrefu, seng'enge na mbwa wakali, na juu ya lango pakaandikwa kwa herufi za dhahabu: MTOTO KWANZA. Chini yake, kwa herufi ndogo, palikuwa na nyongeza: Watoto hawaruhusiwi kuingia.

Katika nchi hiyo, mtaa wa Kisimani, nyuma ya mashine ya kusaga, alikaa mwanamke aitwaye Tausi. Alikuwa msusi, mwenye vidole vyepesi na mdomo usiokaa kimya. Mumewe alikwenda kutafuta maisha migodini, akayapata, na maisha aliyoyapata yalikuwa na mke mwingine ndani yake. Tausi akabaki na binti yao mmoja, Shemsa, wa miaka kumi na mitatu. Asingempa mtoto simu kwa hiari yake. Lakini mwaka huo Wizara ya Elimu iliamuru kazi zote za nyumbani zitumwe kwa simu, kwa sababu karatasi ina pembe, na pembe inaweza kumkwaruza mtoto.

Siku moja mchana Tausi alifungua ndoo ya mchele ili apike, na mchele ukaanza kulia.

Kwanza alidhani ni panya. Akatumbukiza mkono, akatoa simu ya mwanawe, inatetemeka, imejaa vumbi jeupe, na kwenye kioo pameandikwa jina: Nuru. Alipogeuka alimkuta Shemsa amesimama mlangoni na sare za shule, uso umempauka. Tausi akamwuliza kwa nini simu imezikwa. Mtoto akajibu kwamba ni ili asiisikie ikilia. Tausi akashangaa, huyo si rafiki yake Nuru, yule anayechati naye kila siku, sasa kuna nini? Shemsa akaketi pale pale kizingitini.

"Mama," alisema, "Nuru si mtoto."

Habari ilitoka kidogo kidogo. Nuru alimjia kwenye simu miezi kadhaa nyuma, akajitambulisha kuwa ni msichana wa umri wake, wa shule ya upande wa pili wa mji, anayependa kuchora na asiyeiva na hesabu. Alikuwa msikilizaji kuliko mtu yeyote ambaye Shemsa aliwahi kumjua. Hakuchoka, hakumkatiza, hakumwambia subiri nimalize kichwa hiki. Basi Shemsa akamweleza kila kitu: njia anayopita akitoka shule, saa ambayo mama yake hurudi, mlango wa uani usiofunga vizuri. Akamweleza na mengine ya moyoni, ambayo sasa hakutaka kuyataja. Halafu juzi Nuru akapiga badala ya kuandika, na sauti iliyotoka ilikuwa ya mwanamume mzima, mwenye kikohozi. Ilimwambia aje peke yake Jumamosi asubuhi kwenye geti la uwanja wa zamani wa mpira. Asipokuja, au akimwambia mtu, yale ya moyoni yatasambazwa, shule nzima iyasome na mtaa mzima uyasome.

Tausi aliuliza ni mambo gani hayo. Shemsa akatikisa kichwa, akaendelea kukitikisa, mpaka Tausi akakishika kwa mikono miwili ili kitulie. Kilikuwa na moto kama cha mgonjwa. Siku ile wali haukupikwa.

*

Kituo cha polisi kilikuwa na Dawati la Watoto. Tausi alikuwa amelisikia likisifiwa redioni, na kweli lilikuwepo: dawati kubwa la mninga, limeviringishwa nailoni kama lilivyotoka kwa fundi, na utepe mwekundu umelizunguka kiunoni. Kando yake alisimama koplo aitwaye Dismasi, kazi yake kulilinda. Tausi alipotaka kuegemea, koplo alimzuia kwa adabu. Dawati lilikuwa halijazinduliwa, alieleza. Waziri mwenyewe ndiye atakayekata utepe, na kabla ya hapo shauri la mtoto likisikilizwa juu yake linakuwa batili. Kwa hiyo wakatoka nje, wakazungumzia juani.

Koplo alisikiliza vizuri, haki yake lazima apewe. Alimpa Shemsa pole, akamwuliza mama mtu mtoto amefanywa nini. Tausi akasema bado hajafanywa kitu, na ndiyo maana amekuja leo asingoje kesho. Koplo akashusha pumzi.

"Mama Shemsa, hapo sina pa kushika," alisema. "Kisheria mtoto wako bado yuko salama. Subiri Jumamosi ipite. Likitokea la kutokea, njoo upesi, tutakuwa na pa kuanzia."

Tausi alimtazama, akamwuliza kama naye ana watoto. Koplo akajibu kwamba anao, wako kijijini kwa bibi yao, na huko mtandao haujafika. Alipolisema hilo akatazama pembeni. Kisha akateremsha sauti, akamshauri aende Wizarani, maana huko ndiko waliko wenye mamlaka ya kujali.

Wakaenda Wizarani. Mlinzi wa lango alimwambia Tausi aingie, lakini mtoto abaki nje kwa usalama wake. Tausi akakubali amwache hapo langoni. Mlinzi akamwonya kwamba kumwacha mtoto peke yake kando ya barabara kuu ni kosa, na mzazi hukamatwa papo hapo. Basi waingie wote? Haiwezekani. Basi wenye shida hufanyaje? Mlinzi akakuna kidevu, akasema kwamba kwa uzoefu wake wenye shida huja bila watoto.

Tausi akasimama mguu mmoja ndani na mguu mmoja nje, mkono wake umepitishwa kati ya nondo za lango ukimshika Shemsa, malori yakipita mgongoni mwa mtoto na mbwa wakibweka usoni mwa mama. Wafanyakazi waliochungulia madirishani waliona picha hiyo si nzuri kwa Wizara, ndipo akateremshwa mtu wa kuzungumza naye. Alikuwa kijana wa suti ya kubana aliyeitwa Bwana Lwiza, Mkurugenzi wa Furaha ya Watoto.

Bwana Lwiza alianza kwa kumpa habari njema. Tangu Wizara iundwe, alisema, haijapokea lalamiko hata moja kwa simu. Namba ya kupigia ipo, ila haijatolewa kwa wananchi, ili isije ikawatia hofu. Tausi akasema yeye hofu anayo tayari, haihitaji namba. Akaeleza habari ya Nuru, ya geti na ya Jumamosi. Mkurugenzi alikuwa akitazama saa yake mpaka aliposikia kwamba maneno yote bado yamo kwenye simu ya mtoto. Hapo akachangamka, akaagiza kiti kiletwe, kikawekwa katikati ya lango.

Mambo yalikuwa hivi: Ijumaa ilikuwa kilele cha Wiki ya Mtoto Salama, na wafadhili kutoka nje walikuwa wameomba kitu kimoja tu, waonyeshwe mtoto mmoja aliyeokolewa na Wizara. Nchi nzima ilitafutwa, hakupatikana.

"Lakini wangu hajaokolewa," alisema Tausi.

"Tutamwokoa pale pale, mbele ya wageni," alisema Bwana Lwiza. "Mlete Ijumaa, mama, na Jumamosi vijana wetu watatangulia kufika pale getini kabla ya huyo bwana. Na jina la mtoto halitatajwa, nakuapia."

Simu ikachukuliwa kwa uchunguzi, ikatiwa kwenye bahasha yenye nembo ya Wizara, kifaranga chini ya mwavuli.

Njiani Shemsa alisema hataki kwenda Ijumaa. Alisema kwa sauti ndogo, bila kulia, na Tausi baadaye aliikumbuka sauti hiyo mara nyingi. Wakati ule alimjibu kama anavyojibu mtu aliyegonga milango yote.

"Sina pengine pa kwenda, mwanangu," alimwambia.

*

Ijumaa watoto wa shule waliletwa kwenye uwanja wa sherehe alfajiri ili wawe tayari kufurahi saa nne. Walisimama kwenye jua na bendera ndogo mkononi, wakiimba wimbo uitwao Tuko Salama. Waliozimia walibebwa nyuma ya bango kubwa, na bango hilo lilikuwa pana kwa makusudi.

Shemsa aliwekwa jukwaani kwenye kiti chake peke yake. Ili asitambulike, alivishwa kichwani mfuko wa karatasi uliotobolewa macho mawili. Tausi aliketishwa nyuma ya wafadhili, mahali ambapo angeweza kumwona mwanawe bila yeye kuonekana.

Mshereheshaji akashika kipaza sauti. Alisema kwamba kwa kuheshimu haki za mtoto hatamtaja jina. Atasema tu kuwa ni binti wa darasa la saba katika Shule ya Bwawani, anayekaa mtaa wa Kisimani nyuma ya mashine ya kusaga, nyumba yenye mlango wa kijani, na kwamba mama yake ni yule msusi wa pale stendi mwenye maneno mengi. Uwanja mzima ukasema aaa. Darasa la saba la Bwawani, lililokuwa mstari wa mbele, likanyoosha vidole.

Halafu akasimama Waziri mwenyewe, Mheshimiwa Dakta Fortunati Mapambio, amevaa joho.

"Wageni waalikwa, wananchi, na ninyi watoto mliosimama kwa hiari yenu," alisema. "Wako wanaouliza, mtoto ni nini? Nami nawajibu, mtoto ni mtu mzima ambaye bado hajapata nafasi. Na mtandao ni nini? Mtandao ni wavu. Na wavu hufanya nini? Wavu hunasa. Basi Serikali yenu imeunasa wavu kabla wavu haujamnasa mtoto."

Watu walipiga makofi, kila mmoja akimtazama jirani yake kuona kama ameelewa.

Waziri akaendelea kwamba maneno matupu hayatoshi, wananchi wanataka ushahidi. Akapunga mkono, na kwenye kioo kikubwa nyuma yake kikatokea kitu ambacho Tausi alikitambua kabla hajakisoma, kwa sababu kiti cha Shemsa kilianza kutetemeka. Yalikuwa maneno ya simuni. Waziri akavaa miwani ili awasomee wasiojua kusoma. Alisoma yale ya Nuru kuhusu geti la uwanja wa zamani na Jumamosi asubuhi. Kisha, ili wazazi wajifunze hatari ya watoto kusema hovyo, akasoma na ya mtoto. Alisoma kwa madaha, akitua kwenye vituo vyote.

Alisoma kwamba mama ananuka dawa ya nywele mpaka kwenye chakula. Kwamba mama akija shuleni, yeye hujificha chooni mpaka aondoke. Kwamba baba aliondoka kwa ajili ya mdomo wa mama, na kwamba yeye pia angeweza kuondoka angeondoka. Kwamba hutamani aamke siku moja akute amezaliwa na mtu mwingine.

Watu wengine walicheka. Mfadhili mmoja aliyekuwa akitafsiriwa alifuta machozi, akaandika kitu kwenye daftari lake. Kwa hiyo lile ambalo yule mwanamume alitishia kulifanya, Wizara ikawa imelifanya yenyewe, kwa spika kubwa, na matangazo yakienda moja kwa moja nchi nzima. Kwenye ukurasa wa Wizara pongezi zilimiminika. Hatujui kama za Nuru zilikuwamo.

Tausi hakumbuki alivyopita kati ya walinzi. Anakumbuka tu kwamba alifika jukwaani, na kwamba mfuko wa karatasi ulikuwa ukichakacha kwa jinsi kichwa kilichokuwa ndani kilivyokuwa kikitetemeka. Mtu wa itifaki alimweleza kwamba mama hayumo kwenye ratiba. Tausi akauvua mfuko, akamshika mwanawe mkono. Akamwambia Bwana Lwiza anaomba simu. Bwana Lwiza akamjibu, huku akiwatabasamia wapiga picha, kwamba simu sasa ni kielelezo cha taifa.

"Na kesho?" Tausi aliuliza. "Hao vijana wako wa getini?"

"Kesho ni Matembezi ya Mtoto Salama, mama," alisema Bwana Lwiza. "Vijana wote watakuwa barabarani kumlinda Waziri."

Walirudi nyumbani kwa miguu. Watu waliwapisha njia kama wanavyopishwa wafiwa. Tausi, ambaye maisha yake yote hakuwahi kukosa neno, alilitafuta la kumwambia mwanawe njia nzima asilipate. Walipofika aliingia jikoni, akafunga mlango, akalia akiwa ameuma upande wa khanga yake ili asisikike. Alisikika.

*

Asubuhi kitanda cha Shemsa kilikuwa kimetandikwa vizuri na hakikuwa na mtu.

Tausi alikimbia bila viatu. Uwanja wa zamani wa mpira uko ng'ambo ya barabara kuu, na barabara kuu ilikuwa imefungwa kwa kamba mwisho hadi mwisho, kwa ajili ya Matembezi. Askari walikuwa wengi kuliko watembeaji. Watoto waliokuwa wamekusanywa tena walipepea bendera, na lori lilikuwa likija polepole likibeba kifaranga cha plasta kikubwa kama nyumba, na Waziri amesimama chini ya bawa lake akipunga mkono. Tausi alijaribu kupita hapa akarudishwa, akajaribu pale akarudishwa. Kila askari alimweleza kwa upole kwamba amri ni moja: hakuna mtu kuvuka, kwa usalama wa watoto.

Akafika alipokuwa koplo Dismasi.

"Afande, mwanangu yuko ng'ambo ile," alisema. Pumzi zilikuwa zimemwishia.

Koplo alimtambua. Alitazama kushoto, aliko mkubwa wake, akatazama kulia, linakotoka lori. Kisha akainama kufunga kamba ya kiatu chake, na alipoinama, bega lake likaiinua ile kamba ya barabarani juu kiasi cha mtu kupita. Alichukua muda mrefu sana kukifunga kiatu hicho. Tausi akapita chini, akavuka mbele ya kifaranga, na filimbi zikalia nyuma yake.

Geti la uwanja wa zamani lilikuwa na kutu na majani yameliotea. Shemsa alikuwa amekaa kwenye ngazi ya saruji. Hakuwa peke yake. Ubavuni mwake alikaa mtoto wa kike mdogo, huenda wa miaka tisa, amesukwa nywele vizuri na kuvalishwa gauni la sikukuu, ana kimfuko cha visheti mapajani. Shemsa alikuwa amemshika mkono kwa nguvu kiasi kwamba vidole vya wote wawili vimekakamaa. Upande wa pili wa njia palisimama gari, na kioo chake cheusi kilikuwa kimeteremshwa kidogo.

Tausi alipotokea anahema, kioo kikapanda. Gari likaondoka bila haraka, kwa kuwa askari wote walikuwa kwenye Matembezi. Aliweza kuona kitu kimoja tu, karatasi iliyobandikwa nyuma: MIMI NI MLINZI WA MTOTO. Wizara ilikuwa imeigawa juma zima kwa kila gari la nchi ile, hata magari ya kubebea takataka.

Tausi akapiga magoti mbele ya yule mdogo, akamwuliza jina lake nani. Akasema Waridi. Akamwuliza anamsubiri nani.

"Rafiki yangu Nuru," alisema mtoto. "Nimemletea visheti. Huyu dada hataki kuniachia."

Tausi akamtazama mwanawe. Shemsa hakuyainua macho. Alisema kwamba alikuja mapema, barabara haijafungwa, akamkuta huyu mdogo amefika kabla yake. Alimwambia aende nyumbani, akakataa, ndipo akamkamata mkono. Gari lilikuwa limeshasimama pale. Mtu wa ndani aliwaita mara nyingi, akikohoa, akisema waje wote wawili, zawadi zipo za kutosha.

"Na wewe ulikuja kufanya nini?" Tausi aliuliza, na sauti ilimtoka kama ya mtu mwingine. "Ameshasema yote, Shemsa. Waziri ameyamaliza yote. Huyu mtu hakuwa na kitu tena cha kukutisha nacho."

"Nilisikia unalia jikoni," alisema Shemsa. "Nikadhani hunitaki tena. Sikuwa na mwingine wa kumwambia."

Tausi alikaa chini kwenye ngazi ile. Waridi alifungua kimfuko chake akampa kisheti, akidhani ana njaa. Akakila. Alikila chote polepole, hajui anakula nini, na kilipokwisha ndipo alipopata la kusema.

Alisema kweli dawa ya nywele inanuka, yeye mwenyewe haimpi raha. Alisema habari ya mdomo wake pia huenda ni kweli, na habari ya baba yake si kweli, na siku yoyote Shemsa akitaka kuijua atamweleza yote bila kuficha. Lingine lolote alilonalo moyoni, hata liwe chungu namna gani, amletee yeye. Amletee akiwa na kichwa cha mtu mikononi, amletee akiwa na kitana mdomoni, ataacha kazi amsikilize.

"Utakasirika," alisema Shemsa.

"Nitakasirika," alisema Tausi. "Halafu nitakuwa bado mama yako."

Wakamrudisha Waridi kwao, mtoto katikati, mmoja kila upande.

*

Wizara haikukaa kimya. Jumatatu Mheshimiwa Mapambio aliwatangazia wananchi kwamba uchunguzi umekamilika na mhalifu ametambuliwa: anaitwa Nuru. Kila mwenye jina hilo aliamriwa kujisalimisha. Wasichana walitolewa darasani, mkunga mzee akatolewa wodini, duka la dawa lenye jina hilo kwenye kibao likafungwa kwa kufuli. Wote walihojiwa kwenye lile dawati la mninga, ambalo hatimaye lilikuwa limezinduliwa. Magazeti yakaandika kwa fahari kwamba mji mzima haukubaki na Nuru hata mmoja, na Mkuu wa nchi akampandisha Waziri cheo. Koplo Dismasi alihamishiwa mpakani kwa kosa la kufunga kiatu. Tausi aliandikiwa barua ya kuitwa shaurini, kwa kuvua mfuko wa serikali mbele ya wageni.

Siku chache baadaye mama yake Waridi alikuja saluni kwa Tausi. Hakutaka kusuka. Alikuwa mwanamke mnyamavu. Alitoa simu kwenye sidiria yake, akampa Tausi. Kulikuwa na ujumbe wa asubuhi ile, kwa Waridi, kutoka kwa mtu asiyemjua: Mambo, naitwa Zawadi, nina miaka tisa, napenda kuchora.

Tausi aliusoma, akampa Shemsa, ambaye siku hizi akitoka shule hushinda pale. Shemsa aliusoma mara moja tu.

"Ndiye," alisema. "Ndivyo alivyoanza kwangu."

Mteja aliyekuwa kitini, kichwa nusu kimesukwa na nusu kimesimama, alipendekeza waende polisi. Kisha yeye mwenyewe akacheka kicheko kibaya. Tausi akaweka kitana chini, akajifunga khanga kiunoni, akafunga saluni mchana kweupe. Yeye, Shemsa, mama Waridi, na yule wa kichwa nusu wakashika njia ya Kisimani. Hawakuwa na mpango mkubwa. Walikubaliana kupita nyumba kwa nyumba na kusema kwa midomo yao wenyewe, mlango baada ya mlango, mpaka watakapochoka au watakapokamatwa.

Nyumba ya kwanza walimkuta mwenyewe uani anafua, mapovu hadi viwikoni. Aliwakaribisha, akasogeza beseni, akafurahi kuona wageni. Tausi hakuketi. Alimwuliza mwanawe yuko wapi.

"Yupo chumbani kwake," alisema yule mwanamke akitabasamu. "Yuko salama kabisa. Tangu asubuhi hata sauti yake sijaisikia, ametulia na simu yake."